Karatasi ya Ubaoni: Mshahara wa Dola na Gharama ya Kilo



Majuma machache yaliyopita karatasi moja ilibandikwa ubaoni, karibu na saa ya kuingilia kazini, katika kiwanda kimoja cha chai upande wetu huu wa Sotik. Kiwanda hatukitaji, maana karatasi kama hiyo imekwisha kuonekana na kwingine. Juu yake yameandikwa majina ya nchi zinazolima chai, na mbele ya kila jina mshahara wa mtu mmoja kwa mwezi, umegeuzwa kuwa dola za Kimarekani. Kenya imewekwa juu kabisa, kwa wino mwekundu. Chini yake Sri Lanka, halafu Assam ya India, halafu Malawi. Maneno mengine hayakuwapo, wala hayakuhitajiwa. Kila fundi aliyepita kwenda zamu ya usiku alisoma akaelewa: ninyi ni watu wa ghali, na mkidai zaidi mashine ziko tayari.

Wanachama wengi wametuuliza kama habari hiyo ni ya kweli, na walioshika sana swali hili ni mafundi wa mitambo na watu wa boila. Tunajibu hapa kwa urefu kidogo, kwa sababu kila tunapoikaribia meza ya mapatano karatasi ya namna hii hutokea, na mara nyingi wawakilishi wetu huingia ndani wakiwa wamekwisha shindwa mioyoni.

Jibu letu ni hili. Tarakimu za karatasi zaweza kuwa sahihi zote, na karatasi yenyewe isiseme kweli. Mshahara ni kitu kimoja. Gharama ya kazi kwa tajiri ni kitu cha pili. Na kile ambacho mfanya kazi hununua dukani Kaplong kwa mshahara ule ni kitu cha tatu. Anayevichanganya vitatu hivi katika safu moja ya dola aweza kuthibitisha lo lote alitakalo.

Tuanze na dola, maana ndiyo iliyowatisha watu. Agizo la serikali la Mei 2022 liliweka mshahara wa chini wa mfanya kazi wa shamba asiye na ujuzi kuwa shilingi 7,544 na senti 66 kwa mwezi. (Mapatano ya chama chetu yako juu ya hapo, lakini tuutumie mshahara huu kwa sababu kila mtu aweza kuusoma katika gazeti la serikali.) Mshahara huo haukuongezwa senti hata moja mpaka Novemba 1, 2024, ulipofanywa 7,997 na senti 33. Sasa tazameni. Januari 2024 dola moja ilikuwa kama shilingi 160. Kwa hiyo mfanya kazi yule alikuwa akipata dola 47. Kufikia katikati ya mwaka ule ule dola imeshuka hadi kama shilingi 129, na mtu yule yule, kwa jembe lile lile na shilingi zile zile, akawa anapata dola 58 na zaidi. Katika karatasi ya ubaoni mtu huyu amepandishwa mshahara karibu robo nzima ndani ya miezi michache. Nenda kamwulize nyumbani kwake kama alinunua hata kibiriti cha ziada.

Na liko jambo jingine ndani ya hilo. Chai yetu huuzwa katika mnada wa Mombasa kwa dola. Kilo iliyouzwa dola 2 na senti 20 ilimletea mwenye chai kama shilingi 352 wakati dola ilipokuwa 160, na ilipofika 129 ikamletea kama 284. Tuseme haki: shilingi ilipopata nguvu, wenye mashamba waliumia kweli, nasi hatukatai. Lakini miezi ile shilingi ilipokuwa ikianguka, mishahara ikisimama pale pale na kila kilo ikileta shilingi nyingi zaidi, hatukuona karatasi yo yote ubaoni. Hakuna aliyekuja na wino mwekundu kuandika kwamba mfanya kazi wa Sotik amekuwa rahisi mno na anastahili nyongeza.

Ndugu zetu wa Sri Lanka wamepatwa na mambo hayo kwa ukali zaidi. Mwaka 2021 walipata kiwango cha rupia 1,000 kwa siku baada ya kukidai kwa miaka mingi. Wakati huo zilikuwa kama dola 5. Mwaka uliofuata nchi yao ikafilisika, dola ikapanda kutoka rupia 200 hadi kama 360, na rupia zile 1,000 zikawa hazifiki dola 3. Kufikia Septemba 2022 bei za vitu Colombo zilikuwa zimepanda karibu 70 kwa mia kwa mwaka mmoja. Mwaka 2024 serikali yao ilitangaza rupia 1,700, makampuni yakaenda mahakamani, na mwisho, Septemba 2024, wakakubaliana 1,350. Basi hesabuni: nyongeza ya 35 kwa mia katika rupia, na bado kwa dola, ikiwa dola ni kama rupia 300, ni dola 4 na nusu tu. Wamepandishwa, na karatasi yasema wameshuka. Sisi hatukupandishwa, na karatasi yasema tumepanda.

Sasa tuje kwenye kilo, maana hapa ndipo tajiri mwenyewe hupiga hesabu yake anapokuwa peke yake na mhasibu wake. Tajiri hauzi siku za watu, anauza kilo za chai. Anachotaka kujua ni mshahara umetia kiasi gani ndani ya kila kilo.

Kule Sri Lanka kipimo cha siku kwa kawaida ni kama kilo 18 hadi 20 za majani mabichi. Michai yao mingi ni mizee, na milima yao ni mikali. Wenye mashamba wa kule husema hadharani, tena kwa malalamiko, kwamba mchumaji wa Kenya huleta mizani zaidi ya mara mbili ya mchumaji wa kwao. Haya, tufanye mfano, na kila mama mchumaji atie tarakimu zake mwenyewe mahali pa zetu. Tuseme mchumaji wetu ameleta kilo 40, na kwa kilo hizo amepata shilingi 600. Kwa dola ya 129 hizo ni dola 4 na senti 65. Mwenzake wa Sri Lanka kwa rupia 1,350 amepata dola 4 na senti 50. Karatasi itaandika: Kenya ghali kuliko Sri Lanka. Lakini gawanyeni kwa kilo. Kilo moja ya majani yetu imemgharimu tajiri senti 11 na nusu hivi za dola. Kilo moja ya kule, kwa kilo 18, imemgharimu senti 25. Na kwa kuwa kilo moja ya chai iliyokauka yahitaji kama kilo 4 na nusu za majani, kazi ya kuchuma peke yake imetia senti 52 katika kilo ya chai yetu, na dola 1 na senti 12 katika kilo ya chai yao. Mtu wa ghali katika karatasi amekuwa mtu wa rahisi katika gunia.

Sasa, wako watakaosema, lakini chai ya Colombo huuzwa bei ya juu kuliko ya Mombasa. Ni kweli kabisa. Mwaka 2024 Colombo ilikuwa ikiuza karibu mara mbili ya Mombasa. Lakini ndugu, hilo ni jambo la bei. Limetokana na namna ya kutengeneza chai, na kufungasha, na jina lililojengwa sokoni kwa miaka mingi, wakati sehemu kubwa sana ya chai ya Kenya yatoka nchini katika magunia, ichanganywe na kupewa jina huko ng'ambo. Mchumaji wa Sotik hakuamua chai iuzwe katika gunia. Hata wakulima wadogo majirani zetu, wanaopeleka majani yao viwanda vya KTDA, wanajua uchungu huu, maana kila mwaka bonasi inapotangazwa wao hulinganishwa na wenzao wa Mlima Kenya, na upande wetu wa magharibi ndio hupata kidogo. Sijui nani angethubutu kuwaambia kwamba dawa yake ni kuwapunguzia wachumaji wao.

Tumesema sana juu ya kuchuma. Lakini swali lililetwa na mafundi, nao wana haki ya kujibiwa kwa jambo lao wenyewe.

Kiwanda cha chai ni kiwanda kama kiwanda kingine cho chote. Kina boila, kina feni za kunyaushia, kina safu za CTC zinazokata na kusaga majani, kina mitambo ya kukaushia na ya kuchekecha. CTC yenyewe ilibuniwa Assam, na mtu aitwaye William McKercher, karibu na mwaka 1930, na mashine nyingi zilizomo viwandani mwetu hata leo zimetoka India. Roli zake hupoteza makali, zifunguliwe, zinolewe, zirudishwe kwa vipimo vya unywele. Fundi akikosea, chai hutoka na nyuzi na vipande vikubwa, na mnunuzi wa Mombasa huiona kwa jicho kabla hajaionja. Mtambo ukisimama saa sita za usiku huku majani yamejaa kwenye vitanda vya kunyaushia, hayangoji asubuhi. Kila mtu wa zamu anajua hivyo, na meneja anajua zaidi.

Basi mafundi hawa wana gharama gani katika kilo? Tuchukue mfano wa kiwanda cha kadiri kinachopokea kilo milioni 10 za majani kwa mwaka, yaani kama kilo milioni 2 na laki 2 za chai kavu. Tuseme kina mafundi 12, wa mitambo, wa umeme, wa kuchomelea na wa boila, na kila mmoja alipwe shilingi 30,000 kwa mwezi. Jumla ni shilingi 360,000 kwa mwezi, au milioni 4 na laki 3 hivi kwa mwaka. Igawanyeni kwa kilo za chai. Ni shilingi mbili, bila hata senti kumi, kwa kilo iuzwayo kama shilingi 284. Mkiwaongezea mafundi wote nusu ya mshahara wao, kilo itapanda shilingi moja tu. Kuni za boila, stima, dizeli ya jenereta, usafirishaji mpaka Mombasa, ada za mnada: hivyo havikubandikwa ubaoni. Hatujui kwa nini fundi ndiye anayeambiwa kila mwaka kwamba atakiua kiwanda.

Tukiangalia nje, tunaona mambo hayo hayo katika nchi kubwa za viwanda, maana huko pia mafundi hupigwa kwa karatasi. Idara ya takwimu ya Umoja wa Ulaya hutoa kila mwaka gharama ya saa moja ya kazi katika kila nchi mwanachama. Mwaka 2024 saa moja Ujerumani iligharimu wastani wa yuro 43 na senti 40, na Bulgaria yuro 10 na senti 60. Mara nne! Kwa hesabu ya ubaoni, Ujerumani isingebaki na kiwanda kimoja cha mashine. Vyote vingekuwa Bulgaria. Lakini mashine za Kijerumani bado zinauzwa dunia nzima, kwa sababu katika saa ile ya yuro 43 fundi wa kule ameshika mtambo mzuri, amefundishwa kwa miaka mitatu au zaidi, na spea ikitakiwa ipo. Chama chao cha mafundi wa chuma, IG Metall, kiligoma mwaka 1984 kwa karibu majuma saba ili kupunguza saa za juma kutoka 40. Walipata 38 na nusu, na mwaka 1995 wakafika 35. Waajiri walisema wakati huo kwamba nchi itakufa.

Alikuwako mtaalamu wa uchumi Uingereza, jina lake Nicholas Kaldor, ambaye mwaka 1978 alilinganisha nchi za viwanda kwa gharama ya kazi iliyomo katika kila kipimo cha bidhaa. Alitazamia, kama kila mtu, kwamba nchi iliyozidi kuwa ghali itapoteza soko. Akakuta kinyume. Japani na Ujerumani ya Magharibi, ambako gharama ilipanda haraka, ndizo zilizoongeza sehemu yao ya soko la dunia, na Uingereza na Marekani, ambako ilipanda polepole, ndizo zilizoipoteza. Hatusemi kwamba kupandisha mshahara peke yake ni dawa ya kuuza. Tunasema kwamba mambo mengine yana nguvu zaidi: ubora wa kitu, mitambo, uongozi, na kufika kwa wakati.

Tena tazameni neno hilo "gharama ya kazi" lina nini ndani yake. Kule Ulaya karibu robo yake si mshahara, ni michango ya tajiri kwa ajili ya uzee, ugonjwa na mengineyo. Kwetu pia siku hizi limeanza kuvimba. Michango ya NSSF ilipandishwa kuanzia Februari 2023, tajiri upande wake na mfanya kazi upande wake. Mwaka huo huo ikaja ada ya nyumba, moja na nusu kwa mia kutoka kwa kila upande. Oktoba 2024 NHIF ikaondoka na mahali pake ikaja SHIF, na hiyo ni 2 na robo tatu kwa mia ya mshahara wa mfanya kazi mwenyewe. Kwa hiyo gharama ya kazi iliyomo katika vitabu vya kampuni imepanda, na fedha zilizomo mkononi mwa mfanya kazi zimepungua, yote mawili kwa siku moja. Tajiri asema, "Nalipa zaidi." Mfanya kazi asema, "Napokea pungufu." Wote wawili hawasemi uwongo. (Na mtu anayekaa katika laini za kampuni, nyumba ya chumba kimoja na jiko lenye moshi, akikatwa ada ya kujenga nyumba za mji, ana haki ya kuuliza yake iko wapi. Lakini hilo ni la siku nyingine.)

Waajiri hupenda pia kuhesabu nyumba, maji, zahanati na shule kuwa sehemu ya mshahara wetu. Na wahesabu. Lakini wakihesabu za Kenya, wahesabu na za Assam. Huko tangu Oktoba 2023 mshahara wa siku katika bonde la Brahmaputra ulikuwa rupia 250, kama dola 3, na watu wetu husikia hivyo wakashangaa jinsi wenzao walivyo maskini. Kweli ni kidogo. Ila sheria ya mashamba ya India ya mwaka 1951 ilimlazimisha mwenye shamba kutoa nyumba na matibabu, na kwa desturi ya kule hutoa pia nafaka kwa bei ndogo sana, na kuni. Tena lisitupite jambo hili la aibu: shilingi 7,997 kwa mwezi, ukizigawanya kwa siku 26, ni shilingi 307, na hazifiki dola 2 na nusu. Sheria ya Kenya inamruhusu mwenye shamba asiye na mapatano na chama amlipe mtu chini ya yule wa Assam. Karatasi ya ubaoni ilichukua mshahara wa mapatano ya chama ikauita mshahara wa Kenya. Waliosahauliwa ni maelfu wanaochuma katika mashamba madogo, kutoka hapa mpaka ng'ambo ya mpaka wa Borabu, wasio na kadi ya chama wala mwakilishi.

Wazee wetu waliyajua mambo haya ya kulinganisha. Wakati wa serikali ya kikoloni Mwafrika hakulinganishwa na Mzungu aliyefanya kazi ile ile. Alilinganishwa na ndugu yake aliyebaki kijijini bila mshahara, ili aonekane ana bahati. Tume ya Holmes ya mwaka 1948 iliandika waziwazi kwamba asiye Mzungu katika cheo kile kile serikalini alipwe sehemu tatu katika tano za Mzungu. Mpango huo ulikataliwa na tume nyingine, ya Lidbury, mwaka 1954. Mwaka ule ule kamati ya Carpenter ilikiri kwamba mshahara wa chini wa mji ulikuwa umepimwa kwa mtu mmoja asiye na mke wala mtoto, kana kwamba Mwafrika huzaliwa kapera akafa kapera. Na kabla ya hayo yote, mwaka 1937, mafundi wa Kihindi wa Nairobi chini ya chama cha Makhan Singh waligoma siku 62, wakapata nyongeza kati ya 15 na 25 kwa mia. Wao nao walikuwa wameambiwa kwamba fundi wa India anafanya kwa bei ya chini.

Kwa hiyo tunapopewa safu ya majina, swali letu la kwanza liwe: nani amechaguliwa kulinganishwa na nani? Mchumaji wa Sotik na wa Malawi. Fundi wa Sotik na wa Assam. Hatujapata kuona ubaoni meneja wa Kericho akilinganishwa na meneja wa Assam. Mshahara wake, tunaambiwa, hufuata soko la dunia.

Sasa mashine. Hapa hatutaki kujidanganya. Mashine za kuchuma ziliingia Kericho miaka karibu ishirini iliyopita, na chama kilizipinga. Mgomo wa Oktoba 2010 ulikuwa juu ya jambo hilo hilo. Mei 2023 nyingine zilichomwa moto. Hatuwasifu waliochoma, maana baada ya moto hakurudishwa kazini hata mchumaji mmoja kwa ajili ya moto ule. Lakini twajua walikotoka. Mwaka 2016 mahakama ya kazi ilipoamua nyongeza ya 30 kwa mia, waajiri walikata rufaa, na maneno yao nje ya mahakama yalikuwa yale yale: kazi ni ghali, tutaleta mashine. Ukweli ni kwamba mashine hupunguza gharama ya kuchuma kilo, na anayesema sivyo anawapotosha wanachama. Lakini hesabu ya mashine nayo ina upande uliofichwa. Petroli, visu na spea zake huletwa na dola ile ile. Majani yake huja na vijiti na majani mazee, na kiwanda hulipia hayo katika bei ya mnada. Huko Japani, ambako chai karibu yote huvunwa kwa mashine, vijana walikuwa wameondoka mashambani kwenda viwandani, na hapakuwa na mtu wa kumfukuza. Hapa kwetu watu wamesimama langoni tangu alfajiri.

Na ninyi mafundi, tuwaambie kwa upendo. Wako kati yenu waliosema kimoyomoyo kwamba mashine si neno, maana zitahitaji fundi wa kuzitengeneza. Kidogo ni kweli. Lakini mchumaji akiondoka, chama hubaki na watu wachache, na fundi atakapokwenda kudai haki yake atakuta nyuma yake hakuna mtu. Wachumaji nao waache kusema kwamba mafundi ni watu wa ofisi wanaokula bila mvua. Karatasi ya ubaoni imewatia wote katika safu moja.

Tukamilishe kipimo cha tatu, cha unga. Julai 2022 pakiti ya unga wa mahindi ya kilo 2 ilipita shilingi 200. Mwenye mshahara wa chini wa shamba alikuwa akipata shilingi 290 kwa siku. Siku nzima shambani ilinunua pakiti moja na nusu hivi, bila mboga, bila mafuta, bila sabuni, bila karo. Kipimo hiki hakigeuzwi na benki. Tungependa kionekane katika kila karatasi inayolinganisha nchi: mtu wa Assam afanya kazi saa ngapi kwa kilo moja ya mchele, na mtu wa Sotik saa ngapi kwa gorogoro moja ya mahindi.

Kupata hesabu hiyo ni rahisi kuliko zamani, maana mambo ya umiliki yamegeuka. Kampuni ya Sri Lanka, Browns Investments, ilinunua mashamba ya James Finlay Kenya mwaka 2023, na mwaka 2024 ilitangazwa kwamba itachukua na mashamba ya chai ya Lipton nchini. Maana yake ni kwamba vitabu vya mishahara vya mashamba mengi ya Kericho na Bomet na vile vya Sri Lanka vyaweza kusomwa na mtu mmoja katika chumba kimoja Colombo. Yeye atalinganisha. Sisi tutabaki kusoma ubaoni?

Maoni yetu ni kwamba chama kisingoje. Tangu mwaka 1959 vyama vya wafanya kazi wa mashamba vilikuwa na shirikisho lao la kimataifa, nalo mwaka 1994 liliungana na IUF, ambamo chama chetu kimo. Tunapendekeza barua iandikwe kupitia IUF kwa wenzetu wa Sri Lanka na Assam, tena si barua ya salamu tu. Tuwaulize kilo kwa siku, malipo kwa kilo, makato, bei ya mchele na bei ya mafuta ya taa, mshahara wa fundi wa CTC na wa mtu wa boila, na idadi ya mafundi kwa zamu. Nasi tuwapelekee zetu kwa kipimo hicho hicho.

Ili tuwe na cha kupeleka, twaomba kila mwanachama wa tawi alete kwa mwakilishi wake nakala ya hati yake ya mshahara ya miezi mitatu, akifuta jina lake kama apenda. Kina mama wachumaji waandike katika daftari kilo za kila siku kama zilivyosomwa na karani wa mzani, pamoja na siku walizorudishwa nyumbani kwa kukosa majani. Mafundi waandike saa za zamu, saa za kuitwa usiku, na kama saa hizo zililipwa. Na katika kila laini mtu mmoja aandike bei ya unga, sukari, mafuta ya kupikia na sabuni kila Jumamosi, katika duka lile lile. Karatasi zetu zikikamilika, tutaomba nafasi kwenye ubao ule ule.